Cheti anacho, mteja hana

Wanafunzi wa ufundi na uhandisi nchini wamekuwa wakisomeshwa ujasiriamali tangu mwaka 1990. Lakini je, mtihani wa somo hilo hupima nini hasa?

UKIACHA barabara kuu ya Machakos kwenda Kitui pale Kwa Vonza, ukashika njia ya kusini kuelekea Kanyangi, utaiona biashara kabla hujaliona duka. Utapishana na punda waliobebeshwa mitungi ya maji. Utampita kijana wa bodaboda aliyefunga gunia la ndengu nyuma ya kiti. Ukifika sokoni utamkuta mama anapima ndengu hizo kwa gorogoro, na hatua chache kutoka hapo fundi amepiga magoti, anachomelea mhimili wa mkokoteni uliovunjika.

Hii ni Yatta ya chini, katika kaunti ya Kitui. Upande wa magharibi mto Athi ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Makueni. Mvua si ya kutegemewa, na mkulima hujua kwamba ile ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo yenye afadhali. Ni mahali ambapo kila kitu kina thamani: maji, mchanga, chuma kikuukuu, hata kivuli.

Sasa hebu tumchukue kijana wa kufikirika kutoka huku, tumwite Mutua. Baba yake ameuza mafahali wawili na mama yake amekopa katika chama ili Mutua asomee diploma ya uhandisi wa mitambo mjini. Baada ya miaka mitatu anarudi nyumbani na matokeo mazuri. Katika ujasiriamali amepata alama za juu kuliko masomo yote. Jioni, baba anamtazama na kumuuliza: "Sasa mwanangu, utauza nini, na utamuuzia nani?"

Mutua hana jibu. Anaweza kutaja sifa kumi za mjasiriamali kwa mpangilio, na anajua tofauti kati ya hatari na kutokuwa na uhakika. Swali la baba halikuwa katika mtihani.

Mutua hayuko peke yake. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana Mutua wao, awe Kitui, Nairobi au Mombasa. Na kosa si la kijana pekee. Ni lazima tuulize alifunzwa vipi, na zaidi ya hayo, alipimwa vipi. Maana mwanafunzi ni mwanafunzi: hujifunza kile anachojua kitaulizwa.

Somo lilivyoanza

Biashara si jambo la kuletwa na meli huku Ukambani. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alipokewa na Kivui wa Mwenda, mfanyabiashara mashuhuri aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika na ustadi wa kuchonga vinyago alioujifunza kwa Wazaramo. Kutoka kwa mtu huyo mmoja, kijiji kizima kikawa cha wachongaji ambao kazi yao imeuzwa duniani kote.

Lakini elimu ya kisasa ilikuja na wazo jingine: soma, upate cheti, uajiriwe. Kwa muda wazo hilo lilifanya kazi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ofisi zilikuwa na viti vitupu. Miaka michache baadaye viti vilijaa. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana waende wapi baada ya kumaliza shule, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, iliitaka Serikali itambue mafundi na wachuuzi waliokuwa wakifanya kazi nje ya vitabu vya Serikali. Ndio hao tunaowaita jua kali.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulitia mkazo kazi za mikono. Mwaka 1988 ikaundwa wizara maalumu ya mafunzo ya kiufundi. Kisha mwaka 1990, kwa msaada wa ILO na shirika la UNDP la Umoja wa Mataifa, ujasiriamali ukaingizwa katika vyuo vya ufundi nchini. Fundi wa magari, fundi wa umeme, mwanafunzi wa ujenzi, wote wakatakiwa kulisoma somo hilo na kutahiniwa. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kufanya hivyo kwa upana namna ile.

Tatizo la kwanza lilikuwa walimu. Mwalimu aliyejua kusomesha hesabu za mihimili au saketi za umeme alikuwa ametoka shuleni akaingia chuoni, na chuoni akaingia darasani kufundisha. Hakuwahi kuuza hata yai. Ikabidi walimu wenyewe wasomeshwe, na chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja kikawa moja ya mahali pa kuwaandaa. Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi, na mpaka leo halijaisha: namna ya kupima.

Mpango wa biashara wa kunakili

Chini ya Baraza la Mitihani la Kenya, mwanafunzi wa uhandisi alipimwa kwa njia mbili kuu. Kwanza, mtihani wa kuandika. Pili, mpango wa biashara aliotayarisha mwenyewe: maelezo ya biashara, soko, usimamizi, uzalishaji na fedha. Mbali na hayo alikuwa na mradi wa ufundi, yaani kifaa alichokibuni na kukiunda kwa mikono yake.

Kwa karatasi, utaratibu huo ni mzuri sana. Aliyeubuni alijua alichokuwa akitafuta. Mpango wa biashara humlazimisha kijana kufikiri juu ya mteja, bei, gharama na washindani. Mradi wa ufundi humfanya aunde kitu. Vikiunganishwa, unapata mhandisi anayeweza kuuza alichokiunda.

Lakini mara nyingi havikuunganishwa. Mwanafunzi huunda mashine ya kukamua mafuta katika karakana, kisha katika mpango wake wa biashara huandika habari za mkahawa wa mtandao au duka la nguo. Kwa nini? Kwa sababu mpango wa mkahawa ulikuwa tayari umechapwa. Kila anayejua mitaa ya wapiga chapa karibu na vyuo anajua kwamba mipango ya biashara huuzwa kama mandazi. Unabadilisha jina la mwenyewe, unabadilisha jina la mji, unaupeleka kwa mwalimu. Mwalimu mwenye mipango mia moja na ishirini mezani husoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, hutazama kama sura zote zimo, na kutia alama.

Utashangaa kuona kwamba katika mipango hiyo hakuna biashara inayopata hasara. Zote hupata faida kuanzia mwezi wa kwanza. Mvua haikosi, injini haiharibiki, mteja hakopi akapotea. Laiti dunia ingekuwa hivyo, Kanyangi ingekuwa na ghorofa ishirini.

Hesabu ya mashine ya ndengu

Tumrudishe Mutua chuoni, tumpe nafasi ya pili. Safari hii mwalimu anamwambia: mradi wako wa ufundi na mpango wako wa biashara vitakuwa kitu kimoja, na lazima kiwe kitu ambacho watu wa kwenu wanakihitaji.

Mutua anakumbuka ndengu. Kwao ndengu hupurwa kwa fimbo juu ya turubai, na wanaopura ni mama na dada zake, kutwa juani. Anaamua kuunda mashine ndogo ya kupura yenye injini ya petroli. Tuchukue tarakimu za mfano tu, ili tufuate hesabu.

Vyuma, injini, magurudumu na kazi vinagharimu shilingi 85,000. Mutua anakusudia kutoza shilingi 200 kwa gunia. Petroli na kibarua vinachukua shilingi 80 kwa kila gunia, kwa hivyo anabakiwa na shilingi 120. Ukigawa 85,000 kwa 120, unapata kwamba lazima apure magunia 709 kabla ya kurudisha fedha zake.

Je, magunia 709 yako wapi? Ikiwa mashine inapura magunia 20 kwa siku, na mavuno ya msimu mmoja yanampa siku 15 za kazi, hayo ni magunia 300. Misimu miwili kwa mwaka ni magunia 600. Mara 120, ni shilingi 72,000. Mwaka wa kwanza, hata mvua zote mbili zikinyesha vizuri, Mutua hajarudisha mtaji. Mvua moja ikikosa, jambo ambalo si geni Ukambani, atapata shilingi 36,000 tu, na huku mkopo unamngoja.

Hapa ndipo kijana wa mpango wa kunakili angebadilisha tarakimu ili faida itokee. Mutua wetu anafanya jambo jingine. Anagundua kwamba hasara haiko katika bei peke yake, iko katika mashine yenyewe. Injini inafanya kazi siku 30 kwa mwaka na kulala siku 335. Basi anarudi karakanani na kubadilisha mchoro. Injini anaifunga kwa boliti badala ya kuichomelea, ili iweze kutolewa. Mavuno yakiisha, injini hiyo hiyo inaendesha kifaa cha kukatakata mabua kwa ajili ya lishe ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Akipata siku 60 za kazi hiyo, kila siku ikimwachia shilingi 600, anaongeza shilingi 36,000. Mwaka mzuri sasa unampa 108,000. Mwaka wenye mvua moja unampa 72,000. Bado mwaka mbaya unauma, lakini haumuui.

Tazama basi kilichotokea. Hesabu ya soko imebadilisha mchoro wa mhandisi. Boliti nne zimechukua mahali pa mstari wa kuchomelea, na boliti hizo hazikutoka katika kitabu cha mitambo. Zilitoka katika kalenda ya mvua na katika mfuko wa mkulima. Hii ndiyo sababu ya kumfunza mhandisi ujasiriamali. Mtu asifikiri ni kwa ajili ya kumgeuza awe mwenye duka. Ni kwa ajili ya kumfanya awe mhandisi bora.

Historia inatufunza

Wenye kutaka ushahidi wa jambo hili hawana haja ya kwenda mbali. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa bovu wa sura na mwendo. Wahandisi wetu waliitikia, na mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa umma. Ufundi ulikuwapo. Lakini kampuni iliyoundwa ili kuyatengeneza magari hayo kwa wingi haikupata fedha za kutosha, na mwananchi hakupata kulinunua hata moja. Swali la mteja, bei na mtaji lilikuja baada ya gari, badala ya kutangulia nalo.

Linganisha na jiko la makaa lenye tumbo la udongo uliochomwa, ambalo pengine liko jikoni kwako. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuchukua wazo la majiko ya Thailand na kulirekebisha, na Maxwell Kinyanjui ni mmoja wa waliotajika katika kazi hiyo. Mafundi wa jua kali walilipokea, wakalibadilisha umbo, wakajifunza kulitengeneza kwa bei ya chini mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyelazimishwa kulinunua. Lilinunuliwa kwa sababu lilipunguza gharama ya makaa.

Halafu kuna pampu za kukanyaga kwa miguu za kunyunyizia mashamba, zijulikanazo kwa jina la MoneyMaker. Mhandisi Martin Fisher na mwenzake Nick Moon walianzisha shirika lao jijini Nairobi mwaka 1991, likiitwa ApproTEC, na baadaye KickStart. Waliamua tangu mwanzo kwamba pampu zitauzwa, hazitagawiwa bure, kwa sababu mkulima aliyelipia kifaa ana sababu ya kukitumia, na kifaa kisichonunuliwa kinamwambia mhandisi wazi kwamba hakifai.

Mteja ndiye mtahini asiyenunulika. Shida ni kwamba hayumo katika orodha ya watahini wa vyuo vyetu.

Kupima nini, na kwa njia gani

Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013 ilileta mwelekeo mpya. Katika mitaala ya umilisi inayosimamiwa na TVET CDACC, ujasiriamali ni moja ya stadi za msingi ambazo kila mwanafunzi lazima azionyeshe, pamoja na mawasiliano, hesabu na ujuzi wa kompyuta. Badala ya kuambiwa amepata alama ngapi, mwanafunzi huambiwa kama amefikia umilisi au bado. Na badala ya mtihani mmoja, huweka jalada la ushahidi wa kazi alizozifanya.

Ni hatua njema. Hata hivyo jalada nalo laweza kunakiliwa kama mpango ulivyonakiliwa, ikiwa kinachowekwa ndani ni karatasi tupu. Yafaa tujiulize ni ushahidi wa namna gani usioweza kununuliwa mtaani. Kuna mambo manne yanayowezekana hata katika chuo kisicho na fedha.

La kwanza ni mazungumzo na wateja. Mwaka 2011 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ulianzisha mpango uitwao I-Corps kwa wanasayansi na wahandisi wenye uvumbuzi. Kila kikundi hutakiwa kuzungumza na wateja wapatao mia moja katika wiki chache. Mwanafunzi wetu hahitaji mia moja. Wakulima kumi na watano wa ndengu wanatosha, mradi aandike katika daftari siku, mahali, alichouliza, alichojibiwa, na hasa jibu lililomshangaza. Daftari lisilo na jibu hata moja la kushangaza, mwalimu alitilie shaka.

La pili ni mauzo halisi, hata yakiwa madogo. Kijana wa umeme atengeneze nyaya tatu za kurefushia stima aziuze. Wa ujenzi afyatue matofali hamsini. Risiti moja ya shilingi 300 kutoka kwa mtu asiye mjomba wake ina uzito kuliko kurasa kumi za makadirio.

La tatu ni kujieleza kwa mdomo. Kijana asimame dakika kumi na tano mbele ya watu watatu: mwalimu wake, fundi wa jua kali mwenye karakana, na mtu wa Sacco au benki. Aulizwe: "Chuma kikipanda bei kwa robo, utafanyaje?" Aliyeifanya hesabu mwenyewe atajikuna kichwa, kisha atajibu. Aliyenunua mpango atatazama dari.

La nne, na hili ndilo walimu wengi hulisahau, ni kumpa alama aliyeshindwa akajua kwa nini. Mwanafunzi aliyejaribu, akapata hasara ya shilingi 700, akaeleza hasara ilitoka wapi na angefanya nini tofauti, amejifunza zaidi ya yule aliyepata faida kwa bahati. Tukimnyima alama, tunawafunza wenzake wafiche hasara. Na mfanyabiashara anayejificha hasara yake mwenyewe hachukui muda kufunga duka.

Mwethya na alama za kikundi

Walimu hulalamika kwamba kazi ya kikundi haipimiki. Watano wanaandikishwa, wawili wanafanya kazi, wote wanapata alama sawa. Malalamiko hayo ni ya haki.

Lakini Ukambani wana mwethya, ule utaratibu wa kale wa kufanya kazi pamoja: leo tunachimba mtaro kwako, kesho kwangu. Ndio nguvu iliyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kubeba mawe ya mabwawa ya mchanga ambayo Kitui na Makueni zinajulikana nayo. Katika mwethya mzembe hujulikana mapema, na anayemjua zaidi si msimamizi bali ni yule anayelima kando yake.

Vivyo hivyo chuoni. Alama ya kikundi ikishatolewa, kila mmoja aandike kwa siri mchango wa kila mwenzake, na mwalimu aigawe alama kulingana na hayo. Tena kila mmoja aulizwe swali juu ya sehemu ambayo hakuifanya yeye. Aliyeshughulikia vyuma aeleze fedha, na aliyeshughulikia fedha aeleze vyuma. Hapo kikundi kitajifunza pamoja kikitaka kisitake.

Wasemao kinyume

Wapo wenye shaka, na hoja zao si za kupuuzwa. Wengine husema mwanafunzi wa uhandisi ana kazi ya kutosha katika hesabu na maabara, na kwamba kila saa anayotumia sokoni inaibwa kutoka kwa taaluma yake. Daraja halisimami kwa ujasiriamali, wanasema. Ni kweli. Na si kila mhandisi atakuwa na karakana yake. Tunawahitaji wale watakaoajiriwa kulinda mitambo ya umeme na maji yetu. Lakini hata aliyeajiriwa huulizwa gharama. Mhandisi asiyejua bei ya anachokichora huwa mzigo kwa mwajiri wake.

Wengine husema jambo chungu zaidi: kwamba neno ujasiriamali limekuwa njia ya kumtupia kijana lawama. Viwanda hakuna, mikopo ina riba ya kuumiza, stima hupotea kila wingu likitanda, halafu kijana anaambiwa "jiajiri". Hoja hii nayo ina ukweli wake. Somo la darasani haliwezi kuchukua mahali pa barabara, stima na mikopo nafuu. Chuo kitakachomwambia kijana kwamba ari pekee inatosha kitakuwa kinamdanganya. Mpango wa biashara wa kweli hauna budi kuonyesha pia siku ambazo stima haikuwapo.

Tena fursa zenyewe hazikosekani. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, limekusudiwa kuweka zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji. Makueni ilijenga kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba. Kitui ikaanzisha kiwanda cha nguo cha Syongila mwaka 2018. Kila mradi wa namna hiyo unahitaji watu wa kutengeneza mabomba, masanduku, mikokoteni na vipuri. Ama vijana wa Kanyangi watauza vitu hivyo, ama watavibeba mgongoni vikiwa vimeuzwa na watu wengine.

Maswali ya kumuuliza mwanao

Mzazi si lazima awe mhandisi ili ajue kama karo yake inafanya kazi. Mwanao akija likizo, mpe chai, kisha muulize haya:

Kitu ulichokiunda mwaka huu ni nini, na ni nani aliyesema atakinunua? Akitaja mtu kwa jina, ni dalili njema.

Kinagharimu shilingi ngapi kukiunda, na lazima uuze vingapi kabla ya kurudisha fedha? Hapa kalamu na karatasi vitumike.

Mteja gani alikukatalia, na alikupa sababu gani? Kijana ambaye hajakataliwa hajatoka nje ya lango la chuo.

Hasara yako ya kwanza ilikuwa ipi?

Na ukiwa wewe ndiwe mwanafunzi, usingoje kuulizwa. Nenda kwa mwalimu wako umwombe mradi wako na mpango wako viwe kitu kimoja. Walimu wengi watafurahi, maana nao wamechoka kusoma habari za mikahawa isiyokuwapo.

Tulimwacha Mutua mbele ya baba yake. Yule wa pili, aliyepewa nafasi nyingine, pia ameulizwa swali lile: atauza nini, na atamuuzia nani? Hasemi sana. Anatoa daftari lililokunjamana mfukoni, analifungua penye majina kumi na matano ya wakulima wa Kanyangi, na kumwonyesha baba ukurasa ambao hesabu ilikataa mara ya kwanza.

Baba anavaa miwani. Anaisoma hesabu polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayehesabu mafahali wake. Kisha anauliza swali ambalo hakuna mtahini angeliuliza: "Na hizo boliti nne, zikilegea shambani, nani atazikaza?"

Ni swali zuri. Mutua analiandika.